Dari Isiyo na Boriti

Ufa ulianzia nyuma ya jiko. Mwanzoni ulikuwa mstari mwembamba juu ya sakafu ya simiti, mfano wa unywele ulioanguka, na Ami, ndugu wa baba yangu, alijaribu kuufagia kabla ya kutambua kwamba haufagiliki. Hiyo ni miaka tisa iliyopita, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, imeshika. Nyumba za Pwani zote zina nyufa zake: chumvi hula chuma, chuma huvimba, simiti hupasuka. Hakuna aliyeinama kuangalia ufa ule mmoja unaelekea wapi.

Ungeinama ungeona. Nyufa nyingine zote za nyumba ile zinapanda na kushuka ukutani. Huu ulilala chini, ukafuata ukingo wa jabali kama mtu aliyepiga mstari kwa kamba.

Nyumba iko Likoni, si upande wa kivuko bali upande unaotazama bahari kuu. Ua wa nyuma unaishia kwenye jabali, na kutoka ukingoni hadi mchangani ni mita kama sita. Babu aliijenga kwa mawe yaliyochongwa palepale, akaipiga chokaa, na baadaye wanawe wakaongeza jiko la simiti, choo cha ndani, na tangi la maji juu ya dari. Sikukuu zetu zote za utotoni tulizila kwenye ua ule. Watoto tulikuwa na mpaka wetu: mkungu. Kati ya mkungu na ukingo palikuwa na nafasi ya kutandika mikeka mitatu, na Bibi aliitandika kweli alasiri za Ramadhani akisubiri adhana, lakini mtoto asiye na mkubwa wake hakuruhusiwa kuupita mti. Nakumbuka ile mikeka vizuri kwa sababu leo ndiyo kipimo pekee nilichonacho cha miaka ile. Leo mkungu ndio ukingo. Nusu ya mizizi yake inaning'inia hewani.

Fundi aliletwa mara tatu. Mara ya kwanza aliuziba ufa kwa simiti nyepesi. Ukarudi. Mara ya pili aliuchimba, akaweka waya, akaziba tena. Ukarudi, kando kidogo. Mara ya tatu sakafu yote ya ua ilimiminwa zege jipya, nene, likalainishwa na kupakwa rangi nyekundu, na kwa karibu miaka miwili ua ulipendeza hata tukafanyia harusi ya binamu yangu pale. Sote tulikuwa na methali moja kinywani: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nimeisikia tangu sijajua kusoma na siku zote nimeiamini. Lakini mahali pale methali hiyo ilituangusha. Kila tulipouziba, tulijinyima habari iliyokuwa ikiletwa mlangoni. Na lile zege la tatu, la kupendeza, liliongeza tani kadhaa juu ya kitu ambacho tayari kilikuwa kimechoka kubeba.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja anayetafuta pweza.

Wakazi wa pwani ile wanamfahamu. Kila bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, bahari ikipwa, hushuka na chuma chake kirefu na kikapu, akatembea juu ya miamba shimo baada ya shimo. Mombasa bamvua hupwa asubuhi, baina ya saa nne na saa tano, na hujaa karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri. Septemba ya mwaka juzi maji yalipwa sana, kama yanavyopwa kila mwaka mwezi huo na mwezi wa Machi, na mimi nilikuwa nimekwenda kumjulia hali Ami. Nilikuwa nimesimama chini ya mkungu nikipiga picha. Mzee akanipungia mkono kutoka chini.

Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema: "Shuka, mwanangu. Wewe nyumba hii waijua kwa ndani. Mimi naijua kwa chini."

Nikazunguka kwa njia ya wavuvi, viatu mkononi. Nilikuwa na miaka mingi sijashuka pale, na nilipofika sikupatambua. Kutoka juu, jabali letu ni ukuta ulionyooka hadi majini. Kutoka chini si ukuta. Ni mdomo uliofunguka. Bahari imechonga chini ya jabali, kwa kimo cha maji ya kujaa, kijia kirefu kinachoingia ndani ya mwamba, na juu yake jiwe limebaki limejitokeza kama paa la baraza. Mzee akaingia, nikamfuata. Nilisimama wima, kichwa hakikugusa. Nikahesabu hatua kutoka mwanga hadi mwamba wa nyuma: nne, na sikufupisha hatua. Kisha nikatazama juu nikajaribu kukisia niko chini ya nini. Mizizi ya mkungu ilikuwa imetoboa jiwe upande wangu wa kushoto. Kwa hiyo nilikuwa nimeupita mti, kuelekea barabarani. Nilikuwa chini ya jiko.

Maji yalikuwa yakidondoka. Tone, kimya, tone. Nilidhani ni mabaki ya bahari iliyopwa.

Mzee akakinga kiganja, akaninyooshea. "Nusa."

Yalinuka sabuni.

"Bahari imetoka hapa tangu asubuhi. Haya si yake. Haya ni yenu."

Tangu siku ile nimesoma na kuuliza kwa bidii, na ninaandika haya kwa sababu mengi niliyoyapata yangetufaa miaka tisa iliyopita, na kwa sababu najua tuko wengi, kuanzia Likoni na Kizingo hadi Nyali na mbele huko, tunaolala juu ya jiwe hilihili.

Jiwe lenyewe lilikuwa hai. Kisiwa cha Mombasa na ukanda mkubwa wa pwani yetu vimekaa juu ya matumbawe ya kale. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto, barafu ya ncha za dunia ilikuwa imepungua, na bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kama sita hadi tisa. Matumbawe yakaota katika maji hayo. Bahari iliposhuka yakabaki nchi kavu, yakafa, yakagandamana kuwa mwamba wa chokaa. Ndiyo maana ukivunja jiwe la kujengea Mombasa unakuta ndani yake ganda la kome au alama ya tumbawe kama ua. Ndiyo maana pia jiwe lina matundu. Si kama matale ya bara. Linanyonya maji, linapitisha maji, na maji ya mvua, ambayo yana ukali kidogo wa asidi, huliyeyusha polepole na kutoboa ndani yake mapango na mifereji ambayo mwenye nyumba hawezi kuiona.

Kule chini kazi hufanywa na bahari pamoja na viumbe wake. Mawimbi hupiga, chumvi huingia katika vitundu ikakauka na kupasua, na konokono na jamii zao hukwaruza jiwe usiku na mchana wakila mwani, wakiondoa jiwe pamoja na chakula. Katika miaka ya 1970 kuna wanasayansi waliopima mambo haya Aldabra, kisiwa cha Ushelisheli chenye mwamba wa aina hii, wakakuta kimo cha maji ya kupwa na kujaa hulika kwa kiasi cha milimita moja kwa mwaka, na zaidi pale penye mawimbi makali.

Milimita moja. Niliposoma hivyo nilipumua. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593 ikamalizika 1596. Kwa mwendo huo, tangu Wareno waweke jiwe la mwisho hadi leo bahari haijala hata nusu mita. Basi wasiwasi wa nini?

Wasiwasi ni kwamba kazi haikuanza na Wareno. Bahari imekuwa karibu na kimo chake cha sasa kwa miaka elfu kadhaa. Milimita moja kwa mwaka, mara miaka elfu nne, ni mita nne. Ni zile hatua zangu. Bandu bandu huisha gogo, na sisi tumeijia kazi hii bandu za mwisho zikitolewa, tukajenga juu ya gogo tukidhani ni zima.

Lakini jambo lililonikaa moyoni kuliko takwimu zote nilikuwa nikilijua tangu utotoni, bila kuliunganisha. Nenda Mji wa Kale, ingia nyumba yoyote ya zamani, tazama juu. Kuta ni mawe ya matumbawe, nene, zimesimama mamia ya miaka. Dari haikuachiwa jiwe peke yake. Ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, ndipo mawe na chokaa vikalazwa juu yake. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ina urefu wake, kama mita mbili na nusu au tatu, na fundi hakuthubutu kuuzidi. Wazee wetu walilijua jiwe hili kuliko tunavyolijua sisi. Walijua kwamba jiwe la matumbawe hubeba. Ukilirundika juu kwa juu linavumilia. Ila haliwezi kuning'inia. Ukilitandaza hewani bila kitu chini, linavutika kwa upande wa chini, na likivutika hukatika. Hilo hata mtoto wa fundi alifundishwa.

Na jabali tulilojengea ni nini, likishaliwa chini, kama si dari iliyotandazwa hewani? Dari ya mita nne, isiyo na boriti hata moja, na juu yake jiko, tangi la maji, zege jekundu, na harusi.

Nilifanya hesabu kwenye daftari. Jiwe la matumbawe lina uzito wa kiasi cha tani mbili kwa mita moja ya ujazo, na likilowa huzidi. Chukua kipande cha ua wetu: kimejitokeza mita nne, unene mita tatu, urefu kando ya bahari mita kumi. Ni tani 240. Hicho ndicho kilichokuwa kikishikiliwa na mwamba wa nyuma, kwenye mstari mmoja. Na mstari huo, ukiutazama kutoka juu, upo palepale ufa ulipo. Ufa haukuwa kwenye sakafu hata kidogo. Sakafu ilikuwa ikituonyesha tu jiwe lililo chini linakatikia wapi.

Halafu yale maji ya sabuni. Nyumba nyingi za kando ya bahari hazina mfereji wa maji taka. Tuna karo. Maji ya jikoni yetu yalikuwa yakienda kwenye shimo lililochimbwa miaka ya themanini kati ya jiko na mkungu, kwa sababu pale ndipo palipokuwa karibu na pale jiwe "lilinyonya vizuri". Fundi wa wakati ule alilisifu shimo hilo: halijai. Halikujaa kwa sababu lilikuwa na njia ya kutokea. Kwa miaka zaidi ya thelathini tulimimina maji ndani ya jiwe lilelile lililokuwa likitubeba, tukalilowesha, tukalipa uzito, tukaupanua mstari wa ufa kutoka ndani. Mvua ya paa nayo ilishuka kwa bomba hadi uani na kupotelea ufani. Bahari ilikuwa na miaka elfu nne ya subira. Sisi tulikuwa na bomba.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu mazungumzo yetu ya mmomonyoko huanza na kuisha na bahari. Bahari imepanda, ni kweli. Tangu mwaka 1900 imepanda duniani kwa kiasi cha sentimita ishirini, na sasa inapanda kwa zaidi ya milimita tatu kila mwaka. Mwamba wa nje pia umeumia, ule ambao mawimbi huvunjikia kabla ya kutufikia. Joto la bahari la mwaka 1998, lililokuja na El Niño, liliyaua matumbawe ya Kenya kwa wingi wa kutisha, nusu yake na zaidi sehemu nyingi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliokusanya vipimo vya miamba ya nchi mbalimbali, ulikuta kwamba mwamba mzima hupunguza nguvu za mawimbi kwa wastani wa asilimia 97. Mwamba uliokufa na kulika hauwezi kazi hiyo. Hayo yote ni ya kweli na yananinyima raha. Lakini hayako mikononi mwa Ami. Bomba liko mikononi mwake.

Binamu yangu anaishi Hull, Uingereza, na nilipomsimulia haya aliniambia niangalie pwani ya Holderness iliyo karibu naye. Kule ukingo ni wa udongo ulioachwa na barafu za kale, na unarudi nyuma kwa wastani wa mita kama mbili kwa mwaka. Zaidi ya vijiji ishirini vimeshaingia baharini tangu zama za Warumi. Alinitumia video ya bustani iliyokatwa nusu. Nilimhurumia mwenye bustani ile, ila niliona pia tofauti yetu. Yeye anaona. Kila majira ya baridi anapima kwa hatua akajua amebakiza nini. Jabali letu halikupi hesabu hiyo. Linasimama miaka mia bila kupoteza hata shubiri, uso wake ukiwa uleule kwenye picha za babu na za mjukuu, kisha linaondoka na mikeka mitatu kwa mara moja. Wetu si ukingo unaorudi nyuma. Ni ukingo unaoanguka. Kwa hiyo ule uzoefu wa kusema "nyumba imekaa hapa miaka sitini haijatikisika" hauna maana yoyote. Haijatikisika ndiyo hali yake hadi siku ile.

Siku ile ilifika Julai mwaka jana, si kwetu bali kwa jirani wa tatu. Ilikuwa bamvua, kusi inavuma tangu jioni, na bahari ilijaa alfajiri. Ami alikuwa ameamka kuswali. Anasema hakusikia mshindo kwanza. Alihisi miguuni, kwenye mswala, kama lori kubwa limepita barabarani. Mshindo ulifuata. Kulipopambazuka watu walisimama mbali na ukingo wakitazama. Bonge la jiwe, kubwa kuliko gari la matatu, lilikuwa limelala majini chini-juu, na kipande cha ukuta wa ua kikiwa bado kimeshikamana nalo. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa na miti miwili. Mmoja ulibaki uani. Wa pili ulikuwa chini, na kamba bado imefungwa pande zote mbili, imekazika, na kanga moja juu yake. Hakuna aliyeumia. Mama wa nyumba ile huamka mapema kuwasha moto wa mahamri pale nje, lakini upepo ule ulimfanya aingie ndani siku hiyo. Sikuweza kumtazama machoni aliponieleza hivyo.

Baada ya hapo nilizunguka maofisi. Sitaitaja hata moja, kwa sababu watu niliokutana nao walikuwa na adabu na wengine walinisikitikia kweli. Mmoja aliniambia hatari iliyo ndani ya kiwanja cha mtu ni ya mwenye kiwanja. Mwingine akaniambia ufuo ni wa umma, kwa hiyo nisithubutu kuweka jiwe hata moja pale chini bila kibali. Wote wawili walikuwa na sheria zao, na nilipotoka nje nikasimama kwenye ngazi nikawaza: juu pana mwenyewe, chini pana mwenyewe, na jabali lenyewe, lililoshika juu na chini, halina mtu. Kwenye hatimiliki ya Ami mpaka wa baharini umechorwa kwa mstari. Sehemu ya ardhi iliyo ndani ya mstari huo sasa ni hewa.

Wengi walinishauri ukuta. Najua kinachowavuta. Chini ya Ngome ya Yesu, ambayo nayo imekaa juu ya mwamba wa matumbawe na tangu 2011 ni urithi wa dunia wa UNESCO, umejengwa ukuta wa kuzuia bahari, na ngome ile inastahili. Ikianguka haina pacha. Lakini ukuta ule ni kazi ya serikali, kwa fedha za serikali. Mwenye kiwanja kimoja anayejenga ukuta wake wa simiti chini ya jabali lake huwa anafanya jambo jingine. Wimbi likipiga ukuta wima halifi. Linarudi na nguvu zake, linachota mchanga uliokuwa mbele ya ukuta, na pale ukuta unapoishia linageukia ubavu wa jirani. Pwani yetu ina mfano wa hilo na sitamwonyesha mtu kidole, ila ufuo tuliochezea mpira tukiwa watoto sasa ni mawe matupu, na mawe hayo yanaanzia mahali ukuta wa mtu ulipoishia. Kwa sheria ya mazingira ya mwaka 1999 kazi kama hizo zinapaswa kutanguliwa na tathmini ya athari zake. Natamani tathmini hizo zingefanywa na mtu aliyesimama chini, maji yamepwa, pamoja na mzee wa pweza.

Ami hakutaka ukuta, hakutaka kuhama, na kwa muda mrefu hakutaka hata kushuka chini kutazama. Ana miaka sabini na minne. Alizaliwa kwenye chumba cha mbele cha nyumba ile. "Nihamie wapi?" aliniuliza, na sikuwa na jibu, kwa sababu Likoni ardhi ni kidonda, familia nyingi zimeishi pale vizazi bila karatasi, na yeye ni katika wachache wenye karatasi. Nilikasirika naye mara mbili tatu, nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii ami yake. Akanyamaza.

Kisha akaja mnunuzi. Mtu wa heshima, kutoka bara, anatafuta kiwanja chenye kutazama bahari ajenge nyumba za wageni. Alisimama chini ya mkungu akapiga picha, kama mimi nilivyofanya. Akataja bei ambayo ingemnunulia Ami nyumba kavu Mtongwe na kubakisha ya kumsomesha mjukuu. Sote tulimtazama Ami. Nakiri kwamba moyo wangu ulisema: pokea.

Ami akamwambia mnunuzi, "Njoo siku ya bamvua, saa nne asubuhi, uje na viatu vya kulowana." Mtu yule akaja. Ami, ambaye hakuwahi kukubali kushuka nami, alishuka naye, kwa fimbo, akashikwa mkono na mzee wa pweza, akaingia chini ya jiko lake mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani. Alikaa mle muda mrefu. Mnunuzi hakurudi. Nilipomuuliza Ami kwa nini hakuuza tu, alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini hakuiba. "Ningemuuzia juu. Na chini ningemwambia nini?"

Tangu siku hiyo mambo yamekwenda haraka. Karo la nyuma limefungwa na kujazwa; maji yote sasa yanakwenda kwenye shimo jipya upande wa barabara, mbali na ukingo, na lina kuta. Bomba la paa limegeuzwa. Tangi limeshushwa. Jiko limehamishiwa kwenye chumba alichozaliwa Ami, na lile la zamani limebomolewa kwa mkono, jiwe moja moja, bila mashine, na mawe yote yakabebwa mbele. Zege jekundu limevunjwa. Mkungu tumepunguza matawi tu. Mhandisi mmoja, rafiki wa familia, alituonya kwamba mizizi yake inapasua lakini pia inashika, na kwamba ukiung'oa mti mkubwa unaacha mashimo ya kupitisha maji. Alituonyesha pia jinsi ya kuutazama ufa badala ya kuuziba. Msumari mmoja upande huu, msumari mmoja upande ule, na rula. Mahali pengine tumegundisha kipande chembamba cha kioo kwa plasta, kikikatiza ufa. Jiwe likisogea kioo kinavunjika, na kioo hakisemi uongo.

Hayo hayatalizuia jabali. Mhandisi alilisema hilo waziwazi mbele ya Ami. Kipande kile kitaondoka; tulichofanya ni kukipunguzia mzigo na kuondoa watu juu yake. Labda miaka mitano, labda arobaini. Labda kusi hii. Jirani wawili wamekuja kuuliza, na mmoja amehamisha chumba cha watoto. Wengine wanasema Ami amezeeka, anabomoa jiko zima kwa ajili ya ufa.

Kila bamvua, baada ya maji kupwa, huenda mpaka kwenye kamba tuliyofunga isivukwe, huinama na rula kwa taratibu, kisha hunitumia ujumbe wa sauti. Huanza kwa salamu ndefu, huuliza habari za kila mtoto kwa jina, ndipo husoma namba. Mwezi uliopita ilikuwa milimita arobaini na moja. Jana asubuhi ujumbe ulikuja mapema, nikauacha kwanza nimalize kumvalisha mwanangu viatu. Arobaini na tatu, alisema. Kioo cha upande wa mkungu kimevunjika. Nyuma ya sauti yake nilisikia mtu akicheka na sufuria zikigongana, na harufu ya chumba kile, chokaa na samli, ikanijia nikiwa mbali hivi. Halafu akasema amehesabu nafasi ya uani: kutoka mlango mpya hadi kwenye kamba, mikeka inaenea miwili na nusu, na Ramadhani tuje.